Shingo ilipopinda siku ya tatu: dawa za ugonjwa wa akili, misuli, na kazi ya muuguzi

Mwezi huu ukurasa wa familia hauongelei madaftari wala mitihani. Sisi walimu wa kujitolea tumeomba nafasi tuandike juu ya jambo lililotupata hapa kambini. Tunajua liko katika nyumba nyingi, ila watu wanaona haya kulisema.

Ilikuwa siku ya mgao wa chakula, kwa hiyo darasani walikuwa wachache. Mama mmoja wa bloku ya jirani alikuja mbio hadi mlangoni, kitenge kimemfunguka nusu. "Walimu, mukuje mbio! Mutoto anakufa. Shingo imepinda, macho yanaangalia tu juu!"

Mtoto huyo tulimjua vizuri. Ni kijana wa miaka 19, alikuwa mwanafunzi wetu wa darasa la jioni, na kwa hesabu aliwapita wenzake wote. Miezi kadhaa kabla ya siku hiyo alianza kuongea peke yake, kukataa chakula akidai kina sumu, na kutembea usiku. Tuseme ukweli, sisi wenyewe tulikosea. Alipoanza kucheka ovyo darasani tulimwambia abaki nyumbani mpaka atulie, na hatukwenda kumtazama hata siku moja. Kwao walimwombea, wakamtafutia dawa za mizizi, na usiku mmoja alipotaka kukimbilia barabara kubwa walimfunga mikono nyuma kwa kamba hadi asubuhi. Mwishowe mhudumu wa afya wa bloku aliwashauri wampeleke kituo cha afya. Huko alianzishiwa vidonge vya haloperidoli.

Siku ya tatu ya vidonge ndiyo hiyo mama alikuja mbio.

Tulimkuta amelala mkekani, kichwa kimevutwa hadi kwenye bega, taya limekaza, macho yamepanda juu. Majirani wamejaa mlangoni. Mmoja anasema, "Batu banasema ile dawa ndiyo sumu." Mwingine anasema ni mapepo yamekasirika. Mzee mmoja alikuwa tayari na kikombe cha maji anataka kummiminia mdomoni. Lakini tulipoinama tuliona machozi yanamtoka kijana. Kumbe anatusikia. Tulimweka kwenye kiti cha plastiki, tukambeba watu wanne mpaka kituo cha afya.

NESI ALIULIZA NINI

Muuguzi wa zamu hakushtuka. Kwanza aliuliza anameza dawa gani, tangu lini, na ngapi kwa siku. Pili, je, ana kidonda au alichomwa na msumari? Maana pepopunda nayo hukaza taya na shingo. Tatu, je, ana homa? Akampima joto, akamtazama miguu na mikono kama kuna jeraha, akahakikisha anapumua vizuri na anajibu kwa macho akiitwa jina. Homa ya uti wa mgongo na malaria kali zinaweza pia kuleta shingo ngumu au kuchanganyikiwa, kwa hiyo hakutaka kubahatisha.

Baada ya hapo akamdunga sindano ya kulegeza misuli. Haikupita nusu saa, shingo ikarudi mahali pake kama mtu aliyeamka usingizini. Neno la kwanza la kijana lilikuwa, "Mama, sikuwa nakufa. Nilikuwa nasikia vyote."

Yule mzee na kikombe chake alikuwa na nia njema. Lakini nesi alitueleza kwamba koo nalo linaweza kukaza, na maji yakaingia kwenye mapafu. Mtu akiwa katika hali hiyo usimpe kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu au mkalishe wima, umpeleke haraka.

KWA NINI DAWA YA AKILI INAGUSA MISULI

Tulimwuliza nesi swali ambalo kila mtu anauliza: dawa ni ya kichwa, shingo inaingiaje hapo?

Alitupa mfano wa bomba letu la maji. Bomba ni moja, lakini linapeleka maji bloku mbili. Fundi akipunguza maji kwa sababu bloku ya juu imefurika, bloku ya chini nayo inapata kidogo. Katika ubongo kuna kitu kinaitwa dopamini, kinachobeba ujumbe. Wataalamu wanaona kwamba mtu anaposikia sauti zisizokuwapo au kuamini anawindwa, ujumbe huo umezidi katika sehemu fulani za ubongo. Haloperidoli, klopromazini na flufenazini huuzuia. Lakini ujumbe huohuo ndio unaosaidia misuli kwenda sawasawa. Ukizuiwa sana, misuli inakaza, inatetemeka au inakuwa mizito.

Jambo hili si geni. Klopromazini, ambayo wazee wengine wanaijua kwa jina la Largactil, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili huko Paris, Ufaransa, mwaka 1952. Haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walifungiwa hospitalini miaka na miaka. Dawa hizo ziliwatoa wengi wakarudi kwao, na tangu miaka ileile waganga waliona kwamba zinagusa misuli. Kwa hiyo kijana wetu hakurogwa, wala hakupewa sumu. Alipatwa na jambo linalojulikana na lenye tiba. Kosa lilikuwa moja tu: hakuna aliyemweleza mama yake mapema.

SURA NNE ZA MATATIZO YA MISULI

Nesi alituchorea ubaoni sura nne. Tunaziandika hapa ili zikatwe na kubandikwa ukutani.

1. Kukaza ghafla. Shingo inapinda, macho yanapanda juu, taya au ulimi unakaza, pengine mgongo unajikunja. Hutokea saa chache au siku za kwanza baada ya kuanza dawa au kuongezewa. Huwapata zaidi vijana, hasa wanaume. Inatisha na inauma, lakini inatibika haraka. Nenda kituo cha afya palepale.

2. Kushindwa kutulia. Mtu anakaa anainuka, anakaa anainuka, anapiga hatua mahali pamoja, usingizi hauji. Yeye mwenyewe anasema, "Ndani ya miguu kuna kitu kinanisukuma." Hapa familia nyingi hukosea. Wanafikiri wazimu umezidi, wanamwongezea kidonge, na kidonge kinazidisha. Msimwongezee. Mpelekeni kwa nesi, mseme hasa mlichoona. Mateso haya yanaweza kumfanya mtu aikimbie dawa, au hata afikirie kujiua. Si jambo la kungoja mwezi ujao.

3. Mwili kuwa mzito. Mikono inatetemeka, hatua zinakuwa fupi, mikono haipepei anapotembea, uso hauna cheko wala hasira, mate yanatoka. Huja taratibu baada ya wiki kadhaa. Watu wanamwita mvivu. Mama mmoja alitusimulia kwamba mume wake alisukumwa kwenye foleni ya mgao kwa sababu alikuwa anavuta miguu. Si uvivu, ni dawa inayohitaji kupimwa upya.

4. Mdomo kutafuna bila chakula. Ulimi unatoka na kuingia, midomo inajikunja, vidole vinacheza vyenyewe. Huja baada ya miezi mingi au miaka ya dawa, na wazee wako katika hatari zaidi. Hii ndiyo ya kuogopa kwa maana moja: inaweza kubaki hata dawa ikiachwa. Ndiyo maana lazima ionekane mapema, ingali ndogo.

Liko pia jambo la tano, ni la nadra lakini linaua. Mtu anayetumia dawa hizi akipata homa kali, mwili ukawa mgumu kama gogo, jasho likamtoka na akili ikachanganyika, asipewe kidonge kingine. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku.

MUUGUZI ANAPIMAJE

Wengi wetu tunadhani kupimwa ni damu na joto tu. Kumbe nesi anapima pia kwa macho na mikono yake. Kijana alikubali tukae tuone.

Alianza tangu kijana anaingia mlangoni: anatembeaje, anageukaje, mikono inapepea? Kisha akamkalisha kwenye kiti kigumu kisicho na mikono, akamwambia avue viatu na aweke mikono magotini. Akamwuliza kama ana pipi au kitu chochote mdomoni, na kama ana meno yanayomsumbua, maana mtu mwenye jino bovu anaweza kutafunatafuna bila kuwa na ugonjwa wowote wa misuli. Halafu: fungua mdomo mara mbili. Toa ulimi mara mbili. Gusanisha kidole gumba na kila kidole, haraka, kwa sekunde 10 hadi 15, mkono huu kisha huu. Simama. Nyoosha mikono mbele. Tembea hatua chache, geuka, rudi.

Vipimo hivyo viko katika orodha iliyotolewa Marekani mwaka 1976, na mpaka leo inatumika sehemu nyingi za dunia. Kila mwondoko unaoonekana hupewa namba kutoka 0, yaani hakuna, mpaka 4, yaani mkali. Nesi anaandika namba na tarehe. Miezi inayofuata anapima tena na kulinganisha. Kwa hiyo ukikosa tarehe yako, hukukosa vidonge peke yake. Umekosa na ule ulinganisho.

Baadaye akashika kiwiko cha kijana, akakikunja na kukikunjua polepole huku kijana amelegea. Mkono wenye shida ya dawa husita-sita kama gurudumu lenye meno. Akapapasa misuli ya mabega na mgongo kuona wapi panauma. Mtu anayebeba madumu ya maji na kuni ana maumivu yake, na si kila maumivu ni ya dawa. Mwisho akapima nguvu, upande wa kulia na wa kushoto pamoja. Nguvu nazo zina namba, 0 hadi 5. Akasema, "Sukuma mkono wangu. Vuta. Inua kiganja juu."

Mkono wa kulia uliinuka. Kiganja cha kushoto kililegea kama jani lililonyauka.

ULE USIKU WA KAMBA

Mama akasema haraka, "Unaona, dada nesi? Ni ile dawa yenu." Nesi hakubishana. Akatueleza taratibu kwamba dawa hizi zikigusa misuli, kwa kawaida hazimnyimi mtu nguvu ya kiganja kimoja peke yake. Akapapasa mkono wa juu, akakuta alama ya zamani imezunguka kama bangili, juu ya kiwiko. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, hii alama ilitoka wapi?"

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Ni sisi. Ni ile usiku wa kamba."

Tunaandika haya kwa ruhusa yake. Yeye mwenyewe alisema, "Muandike, ili mama mwengine asifunge mutoto wake." Nesi hakumgombeza. Alisema mtu aliyemfunga mwanawe ili asigongwe na gari alikuwa anajaribu kumwokoa, ila hakujua. Kuna mshipa wa fahamu unaopita karibu na mfupa wa mkono wa juu, nao ndio unaoinua kiganja. Kamba ikiubana kwa saa nyingi, kiganja kinalala. Mara nyingi mshipa hupona wenyewe kwa wiki au miezi, lakini ukibanwa sana unaweza usirudi.

Tazameni basi, ndugu wasomaji: mwili mmoja, matatizo mawili, sababu mbili. Kama nesi asingepima, familia ingeacha dawa kwa kosa la kamba, na mkono usingetibiwa.

Kijana alifungiwa kibao kidogo kwa kitambaa ili kiganja kikae kimenyooka, akafundishwa mazoezi ya vidole. Mganga wa kituo akampunguzia kipimo cha haloperidoli, akampa na dawa ya kulegeza misuli kwa muda. Familia ikafundishwa cha kufanya badala ya kamba: ondoeni visu na mashoka, mkae naye kwa zamu, mtu mmoja anayemwamini ndiye aongee naye kwa sauti ya chini, na mmoja akimbilie mhudumu wa afya.

MASWALI TULIYOULIZWA NA WAZAZI

Akipata nafuu aache dawa? Hapana, asiache mwenyewe. Kwa kawaida baada ya dalili kuisha dawa huendelea angalau mwaka mzima, halafu hupunguzwa polepole chini ya macho ya mganga. Anayeacha ghafla, ugonjwa hurudi. Kama dawa inamsumbua, semeni. Kipimo kinaweza kupunguzwa, au dawa ikabadilishwa.

Na sindano ya mwezi? Hiyo ni flufenazini, hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Inasaidia wanaosahau vidonge. Lakini ikileta shida ya misuli huwezi kuitoa, mpaka iishe yenyewe. Ndiyo maana ni vizuri mtu ajaribiwe kwanza kwa vidonge.

Vile vidonge vya kulegeza misuli tununue sokoni? Hapana, hata kidogo. Watu wanaviita Artane, na vijana wengine wanavimeza ili walewe. Vikizidi vinakausha mdomo, vinafunga mkojo, na vinavuruga akili mpaka mtu anaona vitu visivyokuwapo. Mgonjwa ameze idadi aliyoandikiwa, na vidonge visiazimwe.

Dawa za huzuni nazo ni hivyohivyo? Amitriptilini na fluoksetini ni za aina nyingine. Hazifanyi kazi siku ya kwanza, zinataka wiki kadhaa, msikate tamaa. Amitriptilini hukausha mdomo, huleta usingizi na kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla. Na ikimezwa nyingi kwa pamoja inaua. Ikae kwa mtu mzima mwaminifu, juu, mbali na watoto, na mbali na mtu anayesema amechoka kuishi.

Na za kifafa? Fenobabitali na kabamazepini zikiachwa ghafla huleta degedege mfululizo. Wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba wamwambie nesi mapema, kwa sababu dawa nyingine, hasa valproeti, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Jua na joto? Klopromazini hufanya ngozi iungue upesi. Dawa hizi pamoja na zile za kulegeza misuli hupunguza uwezo wa mwili kujipoza. Siku za joto mgonjwa anywe maji, avae kofia, na asipewe kazi nzito ya mchana. Pombe aiache.

Tukihama? Mkirudi nyumbani, mkihamishiwa kambi nyingine au mkisafiri kwenda nchi ya mbali, ombeni karatasi yenye jina la dawa, kipimo, tarehe ya kuanza na shida iliyowahi kutokea. Iwekeni pamoja na kadi ya mgao. Nesi mpya hawezi kujua shingo ilipinda mwaka juzi kama hamkumwambia.

TULIPOFIKA

Nesi wetu si daktari bingwa wa akili, na hapa hatuna. Anafuata kitabu kilichotolewa mwaka 2015 na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNHCR, kilichoandikwa hasa kwa ajili ya wahudumu wa kawaida mahali penye dharura kama petu. Lakini hakai ndani ya nyumba zetu. Sisi ndio tunaoona kijana anavyokunywa uji, anavyotembea kwenda bombani, kama ameanza kutetemeka au mdomo umeanza kutafuna. Tukinyamaza kwa haya, hana atakachopima.

Baada ya miezi miwili hivi kiganja kilianza kuinuka. Leo kijana amerudi darasa la jioni. Kwa mkono huo bado anachoka upesi, na siku nyingine sauti zinamrudia kidogo, lakini anajua zikija amwambie nani. Tumempa benchi la karibu na mlango ili miguu ikimsumbua atoke azunguke uwanja, kisha arudi bila mtu kumwuliza. Siku ya kwanza tulimwomba msamaha mbele ya wenzake kwa kumfukuza. Alitazama chini, akasema, "Walimu, tuendelee na hesabu."

Nasi tukaendelea na hesabu.

Kama nyumbani kwako yuko mtu wa namna hii, usimfiche. Mfuate mhudumu wa afya wa bloku yako, au njoo kwetu darasani jioni, tutakusindikiza mpaka kwa nesi. Asiyejua kusoma naye aje, tutamsomea ukurasa huu polepole. Hadi mwezi ujao, tunawatakia amani katika familia zenu.